Zana za Mawe ya Kubanduliwa katika Japani ya Kale: Jinsi Zilivyotengenezwa na Jinsi Zinavyosomwa

0. Utangulizi

Wajapani huzigawa zana za mawe za kale katika makundi mawili: dasei sekki, yaani zana zilizopatikana kwa kulipiga jiwe na kulibandua vipande, na masei sekki, yaani zana zilizosuguliwa juu ya jiwe jingine mpaka zikalainika. Makala hii inahusu hasa kundi la kwanza. Inaeleza ni mawe gani yaliyochaguliwa, mkono ulifanya kazi gani, na kwa nini takataka za mchonga mawe zimepata, mbele ya wataalamu wa Japani, thamani inayoishinda ile ya zana yenyewe. Jambo hilo la mwisho si anasa ya kitaaluma. Elimu ya kuisoma alama ya pigo juu ya jiwe ndiyo iliyoifungua historia ya kale ya nchi hiyo mwaka 1949. Na elimu hiyohiyo, ilipopuuzwa, iliiacha historia hiyo ichafuliwe kwa muda wa miaka karibu ishirini.

Inafaa kwanza kukubaliana juu ya maneno machache. Katika vyuo vya Kongo akiolojia hufundishwa kwa Kifaransa, na mwanafunzi anayetaka kuieleza kwa Kiswahili hudhani kwamba lugha imempungukia. Kumbe haikumpungukia sana. Jiwe gumu litoalo cheche lina jina lake, gumegume, na bunduki ya zamani iliitwa hivyo kutokana na jiwe hilo. Kipande chembamba kinachoruka seremala anapochonga ni kibanzi. Kwa hiyo hapa jiwe linalopigwa litaitwa jiwe mama, kipande kinachobanduka kitaitwa kibanzi, na alama ambayo kibanzi huiacha nyuma yake itaitwa kovu. Maneno haya matatu yanatosha kwa sehemu kubwa ya safari.

1. Udongo mwekundu wa Iwajuku

Visiwa vya Japani ni visiwa vya volkano, na udongo wake mwingi una asidi. Mifupa hulika humo ikatoweka. Mbao na ngozi hazidumu. Mabaki mengi ya miili ya watu wa enzi hizo yametoka Okinawa, ambako mawe ya chokaa yaliyahifadhi. Kwingineko jiwe peke yake ndilo shahidi aliyebaki. Zimeorodheshwa sehemu zaidi ya 10,000 zenye zana za enzi iliyotangulia vyombo vya udongo, na katika nyingi kati ya hizo mchimbaji hapati kitu ila mawe na makaa machache.

Hata hivyo, mpaka katikati ya karne ya 20 wataalamu wengi waliamini kwamba enzi hiyo haikuwako Japani. Watu wa kwanza, ilisemekana, walikuwa wale wa utamaduni wa Jomon, wafinyanzi wa vyungu vyenye nakshi za kamba. Chini ya tabaka zao, katika uwanda wa Kanto unaoizunguka Tokyo, kuna udongo mwekundu uliotokana na vumbi na majivu ya volkano. Wachimbaji walipoufikia waliweka majembe chini, kwa kudhani kwamba hakuna binadamu aliyeweza kuishi katika mvua ile ya majivu.

Aliyeendelea kuutazama udongo huo hakuwa mwanachuo. Aizawa Tadahiro, aliyezaliwa mwaka 1926, alikuwa kijana mchuuzi, akipita vijijini katika mkoa wa Gunma kuuza natto, yaani soya zilizochachushwa. Mwaka 1946, mahali paitwapo Iwajuku, barabara ilipokata kilima, aliona vibanzi vidogo vya mawe vimejitokeza katika ukuta wa udongo mwekundu. Alirudi mara nyingi. Hakupata kigae hata kimoja. Mwaka 1949 akapata humo ncha nzuri ya kioo cha volkano, iliyochongwa pande zote mbili, akaipeleka habari kwa Serizawa Chosuke, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Meiji. Mwezi Septemba mwaka huo Sugihara Sosuke wa chuo hicho aliongoza uchimbaji, na zana zikatoka katika udongo wenyewe, mbele ya macho ya mashahidi. Katika taarifa za kwanza jina la yule mchuuzi lilitajwa kwa uchache kuliko lilivyostahili.

Swali lililofuata lilikuwa la haki: itajulikanaje kwamba mawe hayo yalivunjwa na mtu, wala si na mto, baridi au mwamba ulioporomoka? Jibu lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, vumbi la volkano huletwa na upepo, na upepo hauwezi kubeba jiwe la ukubwa wa kiganja. Basi jiwe lililokutwa katikati ya vumbi lililetwa na mkono. Pili, jiwe lenyewe lilikuwa na alama za mapigo zenye mpango. Sehemu hii ya pili inahitaji kuelezwa kwa kirefu.

2. Jiwe linavyopasuka

Mti una nyuzi, na anayeuchonga hufuata nyuzi hizo au hushindana nazo. Mawe yanayofaa kwa zana hayana nyuzi. Kioo cha volkano, gumegume, na miamba mingine yenye chembe ndogo sana hupasuka kwa kufuata pigo lenyewe. Nguvu huingia mahali pa pigo na kutawanyika ndani ya jiwe mfano wa pia, na uso unaopatikana hupinda kama sehemu ya ndani ya kombe la chaza. Karibu na mahali pa pigo hubaki nundu, na kutoka kwenye nundu huenea mawimbi, kama yale ya maji yaliyotupiwa kijiwe. Jiwe mama nalo hubaki na umbo la kinyume: kovu lenye bonde mahali ambapo kibanzi kina nundu.

Mtu akiwa na kibanzi mkononi anaweza basi kusema kilipigwa wapi na pigo lilielekea upande gani. Akiwa na jiwe mama, anaweza pia kusema kovu lipi lilitangulia, kwa sababu kovu la baadaye hukata mawimbi ya lile la mwanzo. Maporomoko huvunja mawe, lakini mapigo yake huenda ovyo ovyo. Makovu yanayofuatana kwa upande mmoja, kwa nafasi zinazolingana, kila moja likitegemea mgongo ulioachwa na lililotangulia, yana nia ndani yake.

Masharti ya kazi ni machache, ila hayasameheki. Uso wa kupigia na uso unaobanduliwa lazima vikutane kwa pembe iliyo chini ya digrii 90. Pembe ikizidi hapo, nguvu huzama ndani ya jiwe na kibanzi hakitoki. Pigo likitua karibu na ukingo, kibanzi huwa chembamba. Likitua mbali zaidi, huwa kinene. Ukingo ulio dhaifu husuguliwa kwanza ili usimomonyoke chini ya nyundo. Kosa likitokea, kibanzi hukatikia njiani na kuacha ngazi juu ya uso, na mapigo yanayofuata hukwama kwenye ngazi hiyohiyo. Mfinyanzi aliyekosea hurudisha udongo wake katika bonge. Mchonga mawe hana marejeo, maji yakimwagika hayazoleki. Hana budi kulizungushia jiwe upande mwingine, kuridhika na zana ndogo kuliko aliyoikusudia, au kulitupa.

Nyundo ya kwanza ni kokoto ya mtoni, na pigo lake huacha nundu iliyojitokeza wazi. Nyundo ya pembe ya mnyama ni laini zaidi. Huuma ukingo badala ya kuuponda, na hutoa vibanzi vyembamba, vipana, vyenye nundu hafifu. Kazi ya mwisho haina pigo kabisa. Ncha ya pembe hukazwa juu ya ukingo, mwili ukaisukuma, na kijibanzi kidogo kikaruka. Kwa kusukuma hivyo zilitengenezwa ncha za mishale za wakati wa Jomon, nyingine ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Maarifa haya ya kusukuma ni ya kukumbukwa, kwani yatarejea katika sehemu ya mwisho ya makala hii.

3. Mawe na safari zake

Kila jimbo lilikuwa na jiwe lake. Hokkaido na milima ya Nagano zina kioo cha volkano. Kaskazini ya Honshu ina mwamba mgumu wa tope lililogeuka jiwe. Pande za bahari ya Seto zina sanukaiti, jiwe jeusi la volkano lililopewa jina la mkoa wa kale wa Sanuki, ambalo likigongwa hulia kama kengele. Huko Nagano kuna njia ya mlimani iitwayo Hoshikuso, maana yake mavi ya nyota, kwa sababu wenyeji waliona vipande vinavyong'aa vimetapakaa ardhini wakadhani vimedondoshwa na nyota. Watu wa Jomon walichimba hapo mashimo kwa makumi kutafuta jiwe hilo.

Kioo cha kila mlima kina uwiano wake wa madini, na miali ya eksirei huutambua. Kwa njia hiyo ilijulikana kwamba vipande vya takriban miaka 38,000 iliyopita vilivyokutwa upande wa bara, karibu na rasi ya Izu, vilitoka katika kisiwa cha Kozushima. Hata bahari iliposhuka sana wakati wa baridi kuu, kisiwa hicho hakikuungana na nchi kavu. Watu hao walivuka bahari, tena walirudi. Vyombo vyao vya majini havijaonekana. Ushahidi wa safari ni vibanzi tu.

Wakati huohuo yalikuwako mashoka ya mawe ambayo makali yake yalisuguliwa baada ya kubanduliwa. Mahali pamoja karibu na ziwa Nojiri, paitwapo Hinatabayashi B, yalipatikana 60. Vitabu vya Ulaya vilifundisha kwa muda mrefu kwamba kusugua jiwe ni dalili ya wakulima wa zama za mwisho za mawe. Wawindaji wa Japani waliifanya kazi hiyo makumi ya maelfu ya miaka kabla ya kilimo. Mgawanyo wa dasei na masei ni mzuri kwa kutaja namna ya kazi. Kwa kutaja zama haufai.

4. Njia mbili za ustadi: Setouchi na Yubetsu

Takriban miaka 30,000 iliyopita volkano ya Aira, kusini ya Kyushu, ililipuka na kumwaga majivu karibu Japani nzima. Machida Hiroshi na Arai Fusao waliyatambua mwaka 1976, na tangu hapo tabaka hilo limekuwa kama mstari uliochorwa katika daftari: zana zilizo chini yake ni za kabla, zilizo juu ni za baada. Juu ya mstari huo, katika magharibi ya Honshu, ndipo inapositawi njia ya Setouchi, iliyoelezwa na Kamaki Yoshimasa.

Njia hiyo ilibuniwa kwa tabia ya sanukaiti, ambayo hupenda kupasuka kwa upana kuliko kwa urefu. Mchongaji alianza kwa kubandua kutoka bonge kubwa kibanzi kinene. Hicho hakikuwa zana; kiligeuka kuwa jiwe mama jipya. Aliutengeneza ukingo wake mmoja kwa mapigo madogo mpaka ukawa na kilele katikati, kama mlima uliochorwa na mtoto, kisha akapiga hapohapo kileleni. Kibanzi kilichotoka kilikuwa kipana kama bawa la ndege, na chini yake kilikuwa kimechukua ukanda wa ule uso laini wa kibanzi kinene. Akautengeneza ukingo tena, akapiga tena, akirudi nyuma hatua kwa hatua, kama mtu anayekata mkate vipande vinavyolingana. Kila bawa lilikuwa na makali marefu upande mmoja. Upande wa pili, uliopigwa, aliufanya butu kwa mapigo madogomadogo ili ushikike au utiwe katika mpini. Hicho ndicho kisu cha aina ya Ko, kilichopewa jina la mahali katika mkoa wa Osaka. Uzuri wa njia hii ni kwamba makali yalikuwa yamekwisha kupatikana kabla kisu hakijazaliwa: uso laini wa kibanzi cha kwanza ulikuwa tayari nusu ya kila kisu kitakachofuata.

Njia ya Yubetsu, iliyopewa jina la mto wa Hokkaido na kuelezwa na Yoshizaki Masakazu mwaka 1961, ni ya baadaye na ya mbali na hiyo kwa fikra. Hapa mchongaji alianza kwa kutengeneza kitu kinachoonekana kimekamilika: jani kubwa la kioo cha volkano, lililochongwa pande zote mbili. Kisha akalipiga kwenye ncha, kwa urefu, akaondoa ukingo mzima kwa pigo moja. Pigo la pili na la tatu lilitoa vipande virefu vilivyonyooka, ambavyo Wajapani huvifananisha na mbao za kutelezea juu ya theluji. Jani likawa na umbo la mashua, lenye sitaha bapa juu yake. Kutoka kwenye ncha ya mashua hiyo, kwa kusukuma, vilibanduliwa vijiwembe vyembamba vinavyolingana, kimoja baada ya kingine. Havikutumiwa peke yake. Vilipangwa katika mfuo uliochimbwa ubavuni mwa mfupa au pembe, na kijiwembe kilichovunjika kiliweza kung'olewa na kutiwa kingine. Mwindaji aliyekwenda mbali katika baridi alibeba jiwe moja jepesi, na ndani ya jiwe hilo makali ya safari nzima. Kioo cha Shirataki, mahali katika Hokkaido palipokuwa ghala kuu la kazi hii, kimekutwa mpaka Sakhalin.

5. Takataka, pengo na udanganyifu

Anayebandua jiwe huangusha vibanzi vingi kuliko anavyochukua, na vile vidogo kabisa hubaki alipokaa. Huko Sunagawa, mkoa wa Saitama, palipochimbwa mwaka 1966 na 1973, Tozawa Mitsunori na Anbiru Masao waligawa vipande kwa kufuata jiwe mama la kila kimoja, wakajaribu kuviunganisha upya. Kazi hiyo ni ya subira kubwa, na haipendezi kutazamwa. Matokeo yake ni ya ajabu. Mawe mengine yalionekana yameletwa yakiwa yamekwisha anza kupigwa kwingine, mengine yaliondoka kabla hayajakwisha. Huko Shimofure-Ushibuse, mkoa wa Gunma, marundo ya vibanzi yamepangika kama duara lenye upana wa karibu mita 50, na vipande vya rundo moja vinaungana na vya rundo jingine. Basi walioketi hapo walikuwa pamoja, wakipeana mawe.

Kwa hiyo sehemu isiyo na takataka ni sehemu ya kutiliwa shaka. Kuanzia mwaka 1981, kule Zazaragi katika mkoa wa Miyagi, mchimbaji wa kujifunza mwenyewe aitwaye Fujimura Shin'ichi alikuwa akiibua zana kutoka tabaka kongwe mno, na kila mwaka tarehe zilirudi nyuma, mpaka Kamitakamori ikatajwa kuwa na zaidi ya miaka 600,000. Vitabu vya shule viliandikwa upya. Dalili za hatari zilikuwako. Zana zilitoka peke yake, safi, bila vibanzi vilivyozizunguka na bila kipande kimoja cha kuunganishwa na kingine. Nyingine zilikuwa na makovu ya kusukuma, ustadi wa Jomon, katika tabaka zilizodaiwa kuwa za viumbe waliomtangulia binadamu wa sasa. Oda Shizuo na Charles Keally waliandika pingamizi mwaka 1986. Takeoka Toshiki akaandika yake mwaka 1998. Waliosikiliza walikuwa wachache. Fahari ya taifa, umri wa majivu uliopimwa kwa usahihi, na heshima ya maprofesa waliokwisha kutia sahihi, vyote vilikuwa na sauti kubwa kuliko makovu ya mawe.

Tarehe 5 Novemba 2000 gazeti la Mainichi lilichapisha picha za Fujimura akizika zana alfajiri huko Kamitakamori. Chama cha Akiolojia cha Japani kilichunguza upya kila alichogusa na kutoa ripoti mwaka 2003: sehemu zaidi ya 100 zilikuwa zimeharibiwa. Mawe mengi yalikuwa na michirizi ya kutu, iliyoachwa na jembe la chuma lilipoyagonga shambani. Yaani yaliokotwa juu ya ardhi, yakazikwa. Zazaragi, iliyokuwa imetangazwa mwaka 1997 kuwa mahali pa historia ya taifa, ilifutwa katika orodha mwaka 2002. Ushahidi ambao wataalamu wengi wanaukubali ukarudi kwenye miaka 38,000 hivi, palepale ambapo vibanzi vya Kozushima na mashoka ya Nojiri vinasimama bila kutegemea neno la mtu mmoja.

Mwaka 2023 vitu 1,965 vya Shirataki, vilivyochaguliwa kati ya mamilioni ya vipande vilivyochimbwa huko, vilitangazwa kuwa hazina ya taifa, vikiwa vikongwe kuliko hazina zote zilizopata cheo hicho nchini Japani. Miongoni mwake, kando ya ncha na majani yaliyochongwa kwa ustadi, yamo mabonge ya kioo cheusi yaliyojengwa upya kutokana na vibanzi vilivyotupwa. Vibanzi vya namna hiyo vikiunganishwa, huweza kubaki pengo katikati: ni mahali pa zana ambayo mwenyewe aliichukua akaenda nayo.